Nani Alipie Ugonjwa wa Jirani?

Mkulima wa mahindi wilayani Kilosa hupata fedha baada ya mavuno. Malaria haingoji mavuno. Hapo ndipo ulipo mzizi wa mjadala wa kugharamia afya nchini.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 Serikali ilitoa matibabu bila malipo, na mwaka 1977 ikapiga marufuku udaktari wa binafsi wa kutafuta faida. Uchumi ulipodhoofika, dawa zikawa adimu. Marufuku iliondolewa mwaka 1991, na mwaka 1993 uchangiaji ukaanza katika hospitali za Serikali. Waliouunga mkono walitaka fedha za dawa. Waliouogopa walisema maskini atabaki nyumbani na homa yake. Mfuko wa Afya ya Jamii, uliojaribiwa Igunga mwaka 1996 na kupewa sheria mwaka 2001, ulikusudiwa kuwaridhisha wote wawili: kaya ilipe kabla ya kuugua, na kwa hiari.

Neno hilo “hiari” ndilo lenye mtego. Tuchukue mfano wa kaya 100 za kijiji kimoja, kila moja ikilipa shilingi 30,000. Mfuko una 3,000,000. Kaya 10 zikiugua, kila moja kwa gharama ya 200,000, hutumika 2,000,000 na akiba hubaki. Sasa kaya 60 zenye afya njema zijitoe. Makusanyo hushuka hadi 1,200,000, ilhali wagonjwa ni wale wale. Ili kuziba pengo, kila kaya iliyobaki italipa 50,000. Nyingine zitajitoa, na bei itapanda tena. Mwanafunzi na aendelee na hesabu hii mwenyewe.

Mikumi huonyesha tatizo jingine. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia hupita hapo, na majeruhi wa ajali huenda ametoka mkoa wa mbali. Kadi ya zamani ya Mfuko, iliyofungwa katika halmashauri ya mwanachama, ingemfaa nini?

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayomtaka kila mkazi awe na bima na kuweka utaratibu wa kuwagharamia wasio na uwezo. Kwa maoni yangu ugumu uko hapo. Mtumishi hukatwa mchango katika mshahara. Mkulima wa Kilosa hana orodha ya mishahara. Ni lazima mtu fulani kijijini aseme nani maskini, na majirani wasikilize jina likisomwa.