Amana ya Marehemu

Mwanachuoni akifariki kabla kazi yake haijapigwa chapa, mswada wake huwa amana mikononi mwa waliobaki, na uzito wa amana hiyo hutokana na kwamba mwenyewe hawezi tena kuulizwa alikusudia nini pale alipofuta neno moja akaandika jingine juu yake.

Bhikkhu Ñāṇamoli, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1905 kwa jina la Osbert Moore, alihamia Seiloni, ndiyo Sri Lanka ya leo, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, akaingia katika utawa wa Kibuddha, akajifunza Kipali, lugha ya maandiko ya madhehebu ya Theravada, hata akawa miongoni mwa wafasiri wake hodari. Alipofariki ghafla mwaka 1960, aliacha tafsiri ya Kiingereza, iliyoandikwa kwa mkono, ya Majjhima Nikaya nzima, yaani mkusanyo wa hotuba 152 za urefu wa wastani. Lakini ilikuwa bado rasimu, haijatengenezwa kwa ajili ya mpiga chapa.

Mtawa Khantipalo alitangulia kuchagua hotuba 90 na kuzihariri, zikachapishwa Bangkok. Kisha Bhikkhu Bodhi, mzaliwa wa New York, akaishika kazi yote, akailinganisha na matini ya Kipali, akasahihisha makosa, akajaza mapengo na kuongeza sherehe za kumwongoza msomaji, hata kitabu kikatoka mwaka 1995. Mtihani mkubwa ulikuwa katika istilahi, kwani marehemu alikuwa amejaribu nyingine ngeni mno, ambazo wasomaji wengi wangalitatizika nazo, na mhariri akaona ni heri kurejea zilizozoeleka.

Je, huko ni kuihini amana? La hasha, maadamu mhariri alieleza bayana katika dibaji yake aliyoyageuza na sababu zake, na kitabu chenyewe kikamtaja Ñāṇamoli kuwa ndiye mfasiri wa asili, na Bodhi kuwa ndiye aliyehariri na kurekebisha. Mhariri asiyethubutu kugusa kitu huwaachia wasomaji makosa ambayo marehemu mwenyewe angaliyafuta, na yule agusaye kwa siri humtia marehemu kinywani maneno asiyoyanena. Kwa hiyo insafu yataka mambo mawili yaandamane, ujasiri wa kusahihisha na uaminifu wa kukiri kila sahihisho mbele ya msomaji.