Kutembea na Kula Mombasa

Mombasa ni mji wa kisiwani, na maisha yake mengi hupita nje ya nyumba. Hata chakula chake kinachosifika zaidi hupikwa kando ya njia na kuliwa barazani au ufukweni. Mgeni mwenye siku mbili tatu hufaidi akifuata saa za wenyeji: kutoka asubuhi, kukaa kivulini jua la utosi linapowaka, na kutoka tena alasiri.

Asubuhi ni ya Mji wa Kale. Kifungua kinywa cha hapa ni mahamri kwa mbaazi. Hamri zuri huumuka likawa na uwazi ndani na kunukia iliki. Mlaji hulipasua na kuchotea mbaazi zilizopikwa kwa tui zito. Akishashiba, mgeni atapita vichochoro vyenye milango ya nakshi hadi Fort Jesus. Wareno waliijenga ngome hiyo juu ya mwamba wa matumbawe kati ya 1593 na 1596. Waarabu wa Oman waliizingira kuanzia 1696, wakaiteka 1698. Leo ni makumbusho, na tangu 2011 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kuta zake zafaa kuzungukwa kabla mawe hayajashika joto.

Kutoka hapo si mbali kufika soko la Markiti, Barabara ya Digo, penye viungo vya biriani na pilau, na Mtaa wa Biashara penye maduka ya leso. Adhuhuri ni wakati wa biriani, au wali wa nazi kwa samaki wa kupaka. Mkahawa wa Tarboush, katika Barabara ya Makadara, inajulikana kwa kuku wa tikka na mkate wa naan.

Alasiri yaweza kutumiwa Haller Park, Bamburi, ng'ambo ya Daraja la Nyali. Hapo palikuwa na machimbo ya kiwanda cha saruji, jangwa la mawe matupu. Kuanzia 1971 René Haller alipanda mivinje, mmoja kati ya miti michache iliyoweza kustahimili. Majani yake makavu hayakuwa yakioza, hivyo wakaletwa majongoo. Waliyala, na kinyesi chao kikasaidia kutengeneza udongo. Leo ni msitu wenye viboko, mamba na kobe wakubwa, na mgeni huweza kumlisha twiga kwa mkono wake.

Anayetaka bahari aulize kwanza habari za maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea kila siku. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa mbali sana. Maji yakijaa ufuo wa Nyali hufaa kuogelea. Yakipwa hufaa kutembea. Mashua huwapeleka wageni kutazama samaki na matumbawe katika hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 1986.

Jioni, wenyeji wengi hukutana kando ya bahari katika Barabara ya Mama Ngina, penye mibuyu, wakitazama meli zikiingia bandari ya Kilindini. Wauzaji hukata madafu na kuchoma mihogo. Muhogo hupasuliwa ungali moto, ukatiwa pilipili ya unga na kukamuliwa ndimu. Viazi karai, vilivyochovywa katika rojo la unga wa dengu, huliwa kwa ukwaju. Usiku, kahawa chungu yenye tangawizi humiminwa kutoka kwenye dele na kunywewa kwa kashata au halua.

Katika Mji wa Kale mavazi ya stara hupendeza, na ruhusa huombwa kabla ya kumpiga mtu picha. Ijumaa adhuhuri maduka mengi hufungwa kwa ajili ya sala. Mwezi wa Ramadhani vibanda vingi vya chakula havifunguliwi mchana; vyakula hupangwa kwa wingi karibu na magharibi, wakati wa kufuturu.