Kunasa Sauti Safi kwa Maikrofoni ya Nguoni

Kunasa sauti ya mtu si kazi ngumu. Kinasa sauti kidogo cha mkononi huifanya kwa kubonyeza kitufe kimoja. Lakini kuinasa sauti hiyo ikiwa safi, hata iweze kuchunguzwa na kufundishiwa baada ya miaka mingi, ni kazi inayodai elimu ya fizikia. Katika makala hii tutaeleza jinsi maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo inavyofanya kazi, mambo yanayochafua sauti, na njia za kuyaepuka.

Tuchukue mfano wa wanafunzi waendao Lingeka, wilayani Meatu katika Mkoa wa Simiyu, ili kurekodi masimulizi ya wazee juu ya mifugo, mvua na majina ya miti ya dawa. Masimulizi hayo yatakuwa kwa Kisukuma, na upande huo wa mashariki wa nchi ya Wasukuma husemwa lahaja iitwayo Kimunakiiya. Katika Kisukuma toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, huweza kubadili maana. Mwanaisimu Herman Batibo alieleza kwa kirefu sauti za lugha hii katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1985. Tena Kisukuma kina konsonanti za puani zisizo na mghuno, kama ile inayoanza neno mhayo, lenye maana ya neno au jambo. Konsonanti hiyo hutolewa kwa pumzi ipitayo puani bila nyuzi za sauti kutetemeka, kwa hiyo ni dhaifu sana. Upepo kidogo tu huifunika. Atakayeisikiliza rekodi hiyo baadaye hataweza kujua kama mzee alitamka mh au m, na huenda mzee mwenyewe hayupo tena wa kuulizwa.

1. Maikrofoni hufanyaje kazi?

Sauti ni mtetemo unaosafiri hewani kwa mawimbi ya mgandamizo. Ndani ya maikrofoni ya nguoni mna utando mwembamba wa plastiki uliopakwa metali, na nyuma yake mna bamba la metali. Utando na bamba huunda kapasita. Mawimbi ya sauti yanapousukuma utando, nafasi kati ya vitu hivyo viwili hubadilika, na voltiji nayo hubadilika vivyo hivyo. Badiliko hilo ndilo nakala ya umeme ya sauti.

Zamani kapasita ya namna hii ilihitaji umeme wa voltiji kubwa kutoka nje. Mwaka 1962 James West na Gerhard Sessler, waliokuwa wakifanya kazi katika Bell Laboratories nchini Marekani, walipata njia ya kutumia utando wa plastiki uliotiwa chaji ya umeme inayodumu ndani yake kwa miaka mingi. Utando huo huitwa elektreti. Kutokana na uvumbuzi huo maikrofoni iliweza kuwa ndogo kama punje ya haragwe, na bei yake ikashuka.

Hata hivyo, ndani ya kifaa hicho mna transista ndogo ambayo bado huhitaji umeme wa volti chache. Umeme huo hutoka katika betri ya maikrofoni yenyewe au katika kinasa sauti kupitia waya. Kwa hiyo, ikiwa maikrofoni haitoi sauti, mambo mawili yachunguzwe kwanza. La kwanza, je, kinasa sauti kimewekwa kutoa umeme huo? La pili, je, plagi inalingana na tundu? Maikrofoni nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya simu huwa na plagi yenye sehemu nne za metali, ilhali vinasa sauti vingi hutumia yenye sehemu tatu. Plagi huingia vizuri tunduni, lakini sauti huweza kukosekana au kuwa hafifu mpaka kiungo cha kubadilishia kitumike.

2. Kanuni ya umbali

Kanuni iliyo kuu kuliko zote ni hii: maikrofoni iwe karibu na mdomo. Mahali pa wazi, umbali unapoongezwa mara mbili, mgandamizo wa sauti hupungua hadi nusu, yaani desibeli 6. Msemaji akiwa sentimita 20 kutoka kwenye maikrofoni, kisha akasogea hadi sentimita 80, mgandamizo hubaki robo tu, yaani pungufu la desibeli 12. Lakini kelele ya mashine ya kusaga iliyo mita 200 kutoka hapo haikupungua hata kidogo. Tukiongeza nguvu ya kinasa sauti ili tumsikie msemaji, tunaiongeza na kelele ya mashine.

Hii ndiyo faida ya maikrofoni ya nguoni: hukaa sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, na umbali huo haubadiliki sana msemaji ajisogezapo. Ibanwe katikati ya kifua, wala si kwenye ukosi wa upande mmoja, kwa maana mzee anapogeuza kichwa upande wa pili sauti yake hufifia.

3. Msuguano wa nguo

Maikrofoni hii hugusana na nguo, na kila msuguano husikika kama ngurumo. Nguo za nailoni na vitenge vipya vyenye wanga hupiga kelele kuliko pamba iliyofuliwa mara nyingi. Shanga, vifungo vya metali na funguo zilizo mfukoni pia ni adui. Isifichwe chini ya khanga au shuka. Waya ukunjwe kitanzi kidogo karibu na kibanio, kisha kitanzi hicho kishikizwe kwa utepe wa gundi. Hapo mkono ukivuta waya, mvuto huishia kwenye kitanzi wala haufiki kwenye maikrofoni.

4. Upepo

Nchi ya Meatu ni tambarare yenye mashamba ya pamba na malisho, na wakati wa kiangazi upepo hupita bila kizuizi kikubwa. Mvumo tunaousikia katika rekodi mara nyingi si sauti iliyosafiri kutoka mbali. Ni hewa inayopinda na kuzunguka kwenye maikrofoni yenyewe na kuusukuma utando kwa nguvu. Kifuniko cha sponji, au cha manyoya ambacho ni bora zaidi, huifanya hewa iliyo karibu na utando itulie, huku kikiruhusu mawimbi ya sauti kupita.

Vinasa sauti vingi vina kichujio kinachoondoa sauti nzito zilizo chini ya hezi 80 au 100. Husaidia, lakini utando ukishasukumwa kupita kiasi, usemi wenyewe huharibika, na kichujio hakiwezi kuurudisha. Kinga iliyo bora ni kuketi nyuma ya ukuta na kurekodi asubuhi na mapema kabla upepo haujashika kasi.

5. Chumba

Wengine hukimbilia darasani ili kuuepuka upepo, nao hukutana na mwangwi. Kuta za saruji na sakafu ngumu hurudisha mawimbi ya sauti, na kila silabi huiangukia ile inayofuata. Vitu laini vyenye matundu madogo hupunguza mwangwi, kwa sababu hewa inayotetemeka husugua nyuzi zake na nishati ya sauti hugeuka joto. Magodoro, mablanketi, au magunia yaliyojaa pamba yakipangwa nyuma ya msemaji na mbele yake, chumba hutulia sana. Paa la bati nalo liangaliwe: mvua hulipiga, na jua likipanda bati hutanuka na kualika.

Simu zote zizimwe au ziondolewe kwenye mtandao. Simu inayowasiliana kwa mtandao wa kizazi cha pili hutuma mipigo yapata 217 kwa sekunde, na mipigo hiyo huingia katika waya wa maikrofoni ikasikika kama mkwaruzo.

6. Kiwango cha kurekodia

Kinasa sauti cha kidijiti hupima voltiji mara nyingi kila sekunde na kuandika kila kipimo kwa tarakimu. Usikivu wa binadamu hufika yapata hezi 20,000, na vipimo lazima vizidi mara mbili ya masafa hayo. Ndiyo sababu hutumiwa vipimo 44,100 au 48,000 kwa sekunde. Kwa vipimo 48,000 vya biti 24 katika njia moja, saa moja huchukua baiti milioni 518.4, kiasi ambacho kadi ndogo ya siku hizi hukibeba bila taabu. Kwa hiyo faili lisibanwe kuwa MP3 wakati wa kurekodi; litunzwe katika muundo wa WAV.

Kiwango cha juu kabisa huitwa desibeli sifuri. Sauti ikizidi hapo, vilele vya mawimbi hukatwa na usemi hukwaruza. Basi msemaji aongee kwanza kwa dakika moja, acheke hata, na kiwango kirekebishwe mpaka vilele vifike karibu na desibeli 12 chini ya sifuri. Mrekodi avae visikizio tangu mwanzo hadi mwisho, kwani macho yanayotazama mshale wa kiwango hayawezi kutofautisha upepo na usemi.

Jaribio

Asubuhi isiyo na upepo, nendeni katikati ya uwanja wa shule. Mwanafunzi mmoja asome aya moja kwa sauti ile ile, maikrofoni ikiwa umbali wa sentimita 20, kisha 40, kisha 80. Kiwango cha kinasa sauti kisiguswe. Andikeni usomaji wa desibeli kila mara. Je, pungufu linakaribia 6 kila hatua? Rudieni jaribio ndani ya darasa tupu. Kwa nini pungufu la mwisho ni dogo kuliko lile la uwanjani?

Kabla ya kubonyeza kitufe, mzee aombwe ridhaa, aelezwe rekodi itatumiwaje na itatunzwa wapi, na baadaye asikilizishwe sauti yake. Zipo programu za kompyuta zinazopunguza kelele, lakini pale ambapo kelele na usemi vina masafa yale yale, programu huondoa vyote viwili au hukisia. Konsonanti dhaifu ya mhayo ni miongoni mwa zinazotoweka kwanza. Kwa hiyo kazi ya kusafisha sauti hufanyika kabla ya kurekodi: kwa kuchagua mahali na saa, na kwa kuiweka maikrofoni vizuri kifuani pa mzee.