Harufu ya Kinywa: Sababu Zake na Tiba Yake

Maradhi mengi humwarifu mwenyewe kabla ya mtu mwingine. Jino likiuma, mwenye jino ndiye akosaye usingizi. Kunuka kinywa si hivyo. Pua huizoea harufu ya mwili wake hata ikaacha kuitambua, na wale wanaoitambua huona haya kusema. Basi mtu aweza kukaa miaka mingi, watoto wake wageuza nyuso asemapo nao na mkewe anyamaza kwa kumsitiri, naye asijue kuwa ana jambo linalotibika. Wahenga walisema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Na hapa wafichao ni wale wampendao.

Harufu hii yatoka wapi?

Wengi hudhani kuwa yatoka tumboni, wakanunua dawa za kuharisha. Kwa hakika, mara nyingi chanzo chake ni kinywa chenyewe. Mwaka wa 1683, Antonie van Leeuwenhoek wa mji wa Delft, Uholanzi, aliutazama ukoga wa meno yake kwa kioo cha kukuzia vitu, akaona vijidudu vikienda huku na huko. Vijidudu hivyo, yaani bakteria, vimo katika kila kinywa. Hula mabaki ya chakula na ngozi iliyokufa, vikatoa hewa za jamii ya salfa, na mojawapo ni ile inukayo katika yai viza. Vingi hukaa nyuma ya ulimi, katikati ya meno, na chini ya ufizi uliovimba.

Mate ndiyo yaoshayo kinywa. Mtu mzima mwenye afya hutoa kiasi cha nusu lita hadi lita moja na nusu kwa siku. Usiku hupungua sana, na kwa hiyo kila mtu huamka na harufu. Huo si ugonjwa. Kinywa hukauka pia kwa kulala wazi, kwa kutokunywa maji ya kutosha, na kwa baadhi ya dawa za hospitali.

Hali kadhalika mwenye kufunga mate yake hupungua. Harufu hiyo asiionee haya, kwani Mtume s.a.w. ametufundisha kuwa mbele ya Mwenyezi Mungu yapita miski. Lakini sifa hiyo ni ya harufu ya saumu, wala si ya mabaki ya daku yaliyoachwa kuoza menoni. Yafaa basi kusafisha kinywa baada ya daku kabla ya alfajiri, na tena baada ya kufuturu.

Ama vitunguu, hasa kitunguu saumu, vina jambo la peke yake. Harufu yake huingia katika damu, ikatoka kwa mapafu kila mtu apumuapo. Ndiyo sababu kusukutua hakuimalizi. Mtume s.a.w. alimkataza aliyekula vitunguu vibichi kuukaribia msikiti, asije akawaudhi wenziwe. Na vikipikwa ukali wake hupungua. Tumbaku hunuka, hukausha kinywa na kuharibu fizi. Wala tambuu si kitu cha kusafishia kinywa: wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya la Ulimwengu wameiweka popoo katika vitu vinavyosababisha saratani.

Harufu iliyo dalili ya ugonjwa

Ufizi utokao damu, jino bovu, na uchafu mgumu katika mafindofindo ya koo huleta harufu. Mtoto akitoa kamasi inukayo katika tundu moja tu la pua, yamkini ametia ushanga au punje ya haragwe. Apelekwe kwa daktari, wala msimchokoe kwa kijiti. Mgonjwa wa figo pumzi yake huweza kunuka kama mkojo. Na mtu akinuka kama tunda lililoiva mno, akiwa na kiu kali, akikojoa sana, akitapika au kupumua kwa nguvu, hiyo yaweza kuwa hatari ya kisukari. Apelekwe hospitali saa ile ile, asingojewe kesho.

Tiba yake

Kwanza, tupige mswaki mara mbili kwa siku, dakika mbili kila mara, kwa dawa ya meno yenye floraidi. Wa usiku kabla ya kulala usiachwe kamwe. Pili, tupitishe uzi wa meno katikati ya meno. Tatu, tukwangue ulimi polepole kutoka nyuma kuja mbele. Nne, tunywe maji ya kutosha. Tano, mwenye meno bandia ayavue usiku na kuyasafisha. Sita, tumwone daktari wa meno, kwa maana ukoga ukiisha kuwa mgumu kama jiwe mswaki hauwezi kuuondoa. Karafuu na iliki hufunika harufu kwa muda mchache tu, na peremende za sukari huvilisha vile vijidudu tunavyotaka kuvipunguza.

Mswaki wa mti, ule wa mti ambao Waarabu huuita araki, ni sunna iliyo na faida, na Shirika la Afya la Ulimwengu limepata kuuhimiza pale ulipo desturi ya watu. Utafunwe ncha hata ulainike, na ncha iliyochakaa ikatwe. Lakini haufiki katikati ya meno, basi usiache uzi.

Namna ya kuambizana

Anayetaka kujijua na arambe mgongo wa mkono wake, angoje ukauke, kisha anuse. Au, lililo bora, amwulize mtu wake mwaminifu. Wako pia wasionuka kabisa, nao huishi kwa hofu na kujitenga na watu. Hao wakiambiwa na daktari kuwa hawana neno, na wamsadiki. Na hofu isipoondoka, wamweleze hofu hiyo yenyewe, kwani nayo ina matibabu.

Na wewe ujuaye ya mwenzio, usimseme mbele ya watu, wala usimfanyie mzaha. Kijana aliyechekwa darasani hufunga kinywa chake hata kwa mwalimu. Mchukue faraghani, mwambie kwa maneno machache, kisha fuatana naye kwa daktari. Mke na mume wana haki zaidi ya kuambizana, kwani ufizi unaooza kwa siri huishia kupoteza meno. Nasaha ya namna hii ni uchungu wa dakika moja. Na kunyamaza kwaweza kumgharimu umpendaye meno yake, au maisha yake.