Madigadi na Keria: Mambo ya Kutazama Kabla ya Kununua

Mfanyakazi aendaye kazini kwa baiskeli, tuseme kutoka Mbagala hadi Kurasini jijini Dar es Salaam, huhitaji kufika akiwa safi na mzigo wake ukiwa salama. Hiyo ndiyo kazi ya madigadi na keria. Hata hivyo, wanunuzi wengi huridhika na rangi inayong'aa, wasipime kitu kingine chochote.

Tuanze na madigadi. Ya chuma ni imara, na yakipinda fundi huyanyoosha. Lakini rangi ikibanduka huota kutu upesi, hasa karibu na bahari. Ya plastiki ni mepesi na hayaoti kutu, ila hupasuka penye matundu ya nati. Yoyote utakayochagua, hakikisha ni ya kipimo cha gurudumu lako, kwani ya inchi 26 hayakai vema kwenye gurudumu la inchi 28. Yawe mapana kuliko tairi, na kati yake na tairi ibaki nafasi ya upana wa kidole, au zaidi ikiwa njia yako ni ya udongo. Nafasi ikiwa finyu, tope la masika hujaa humo na gurudumu hukwama. Gurudumu la mbele likikwama ghafula, mwendeshaji huruka juu ya usukani. Kipande cha mpira wa ndani uliochakaa, kikining'inizwa chini ya madigadi ya mbele, hukinga viatu na mnyororo.

Sasa keria. Nyingi huchapwa uzito zinazoweza kubeba, kama vile kilo 10, 18 au 25. Usomapo tarakimu hiyo, kumbuka kwamba lita 20 za maji peke yake ni kilo 20, mbali na uzito wa chombo. Keria iliyobanwa kwenye nguzo ya kiti tu ni ya mizigo myepesi. Ya mizigo mizito iwe na miguu inayoshuka hadi karibu na ekseli ya nyuma. Ya chuma ikikatika huungwa na mchomeleaji wa mtaani. Ya alumini ni nyepesi, lakini kuiunga kwataka vifaa na ujuzi maalumu. Mzigo nao ukae chini, pande zote mbili sawasawa. Ukirundikwa juu, usukani huyumba.

Lililo kubwa kuliko yote ni mtoto. Wazazi wengi huwapeleka watoto shuleni wakiwa wameketi juu ya keria, miguu ikining'inia karibu na spoku. Mguu ukiingia humo, ngozi ya kisigino huchunika, na pengine mfupa huvunjika. Mto juu ya keria humpa mtoto starehe, haumpi usalama. Anahitaji kiti chake chenye mkanda na mahali pa kukanyagia, tena gurudumu lizibwe pembeni kwa wavu au plastiki ngumu.

Kila juma kaza nati zote, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Na fedha zikiwa haba, anza na kiti cha mtoto na kinga ya spoku. Madigadi yaweza kungoja mshahara wa mwezi ujao.