Chipu Tupu Si Chipu Mbovu

Darasa la ufundi la vijana wa msikiti wetu, huku Mbagala, lina bodi moja tu ya Arduino Uno. Vijana walipobuni kifaa cha kuzima pampu pindi tangi la maji ya udhu linapojaa, likazuka swali: bodi ikifungwa tangini, darasa litajifunzia nini?

Wakaomba fedha, wakanunua Kariakoo chipu tupu nne za ATmega328P, aina ile ile iliyo ubongo wa bodi hiyo. Walipozijaribu, kompyuta haikuweza kuzipakia programu hata moja. Sisi wanakamati tukawalaumu kwa kufuja mali ya waumini.

Tulikosea. Chipu itokayo kiwandani huwa haina butiloda, yaani programu ndogo inayopokea maagizo ya kompyuta kupitia waya wa USB na kuyahifadhi. Kati ya kilobaiti 32 za kumbukumbu ya chipu, butiloda ya Uno huchukua nusu kilobaiti tu. Bila hiyo chipu ni nzima, ila haijafundishwa kupokea.

Mwalimu wake alikuwa bodi ile ile. Vijana waliipakia programu ya ArduinoISP, wakaunganisha miguu yake ya 10, 11, 12 na 13 na miguu ya 1, 17, 18 na 19 ya chipu. Wakaongeza umeme wa volti 5, kristali ya megahezi 16 na kapasita mbili za pikofaradi 22, kisha wakatia butiloda. Kristali hiyo hubaki na chipu daima. Ikiondolewa, chipu huonekana imekufa.

Chipu tatu zilikubali. Ya nne ilikataa kwa kuwa iliandikwa 328 bila herufi P, na utambulisho wake ni tofauti. Sasa tunasoma maandishi kabla ya kulipa.

Mzee mmoja aliuliza iwapo huu si wizi wa kazi ya watu. Sivyo. Arduino ilianzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, kwa ajili ya wanafunzi, na waanzilishi wenyewe waliruhusu michoro na programu zake zitumiwe na kila mtu.

Leo chipu moja inalinda tangi, na bodi imerudi darasani. Nasi tuliwaomba vijana radhi mbele ya wenzao. Wazazi wenzetu, mtoto akirudi na kifaa kisichofanya kazi, tumuulize kwanza kimepungukiwa nini, kabla ya kumuuliza fedha zimekwenda wapi.