Homa na Vipele: Vilianzia Wapi?

Mtoto mwenye homa na vipele akifikishwa kwa daktari, swali la kwanza ni hili: kipi kilitangulia, na vipele vilianzia wapi? Kariakoo wazazi wengi hushinda dukani huku mtoto akibaki na dada wa kazi. Basi muulize dada kabla hujatoka nyumbani.

Surua huanza na siku mbili hadi nne za homa kali, kikohozi, mafua na macho mekundu. Ndipo vipele hutokea nyuma ya masikio na usoni, vikashuka kifuani hadi miguuni. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha: pitisha kiganja usikie ukwaruzo, kisha umfungue mtoto mdomo penye mwanga. Vidoa vyeupe kama punje za chumvi ndani ya mashavu ni dalili ya surua.

Tetekuwanga huleta malengelenge yanayowasha, mapya yakitoka huku ya zamani yakikauka. Dengue, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huleta homa ya ghafla na maumivu ya kichwa. Vipele mara nyingi hufuata baadaye. Mbu wake huuma mchana na huzaliana kwenye madumu na ndoo tunazojaza maji mgawo ukianza. Zifunikeni.

Linaloniumiza zaidi ni dawa za kushusha homa zinazonunuliwa kwa kukisia. Aspirini na diklofenaki huongeza hatari ya kutoka damu kwa mwenye dengue, na aspirini yaweza kudhuru ini na ubongo wa mtoto mwenye tetekuwanga. Mpe parasetamoli kulingana na uzito wake, na vinywaji kwa wingi. Malaria nayo ipimwe, maana vipele havimaanishi kwamba haipo.

Mgonjwa wa surua hapaswi kufichwa ndani mpaka vipele viishe. Nimonia ndiyo huua wengi, na vitamini A inayotolewa kituoni siku mbili mfululizo hulinda macho yasipofuke. Chanjo ni miezi 9 na miezi 18. Hiyo ya pili, iliyoanza nchini mwaka 2014, ndiyo husahaulika, kwa kuwa mtoto keshaanza kukimbia na kadi ya kliniki iko kabatini.

Degedege, kupumua kwa shida, kulegea, kutapika kila kitu, damu puani au kwenye fizi, madoa yasiyofifia ukiyabana kwa glasi: hayo hayasubiri asubuhi. Hospitali za Amana na Muhimbili haziko mbali na Kariakoo. Ukifika mlangoni sema mara moja kwamba mtoto ana homa na vipele, asikalishwe benchi moja na vichanga ambao bado hawajafikia umri wa chanjo.